Filamu ya Mwavuli na Shikamoo ya Mtani Wangu

Jumapili, Isevya. Jioni, mvua imekatika.

Imenyesha tangu asubuhi. Njia ya mbele ya nyumba ni tope tupu, vyura wanagombana mtaroni, na mimi nimevuta kigoda karibu na dirisha niwahi mwanga kabla haujatoweka. Mbavu zinaniuma. Zinaniuma kwa kucheka, shajara yangu, usije ukadhani nimeugua.

Nina furaha na nina wasiwasi, na vyote viwili vimetoka kwenye filamu moja.

Nianze na wasiwasi, maana wenyewe umeshapangiwa siku. Alhamisi Kondo anapanda treni kwenda Kigoma. Amepata uhamisho. Kondo ni karani wa mizigo pale stesheni, Mzaramo, mtoto wa pwani, na kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu zama za babu zetu waliokuwa wakishuka pwani na meno ya ndovu mabegani, wakilala njiani katika vijiji vya babu zake. Tangu aletwe Tabora hajapita mbele ya nyumba yetu bila kunitukana, na mimi sijamwacha apite bila kumrudishia. Mama yangu akiwa barazani, Kondo hamwamkii. Husimama tu, akashika kiuno, akasema, "We bibi, bado hujafa? Mimi wali wa matanga nimeshauwekea nafasi yake tumboni!" Mama hucheka mpaka akashika ukuta, halafu humwuliza kama pwani wameshajifunza kulima au bado wanangoja nazi idondoke yenyewe.

Na mimi huniita mke wangu. Kila siku ya Mungu. "Mke wangu, chai iko wapi?" "Mke wangu, mbona umekonda, au mama yako anakunyima ugali wangu?" Mtaa unacheka, mama anacheka, nami nacheka.

Hapo ndipo penye shida. Mwanamume mwingine akikuita mke wangu, unajua la kufanya: unamfukuza, au unamwambia apeleke maneno yake kwa wazee. Mtani akikuita mke wangu, hujui kitu. Ni haki yake. Ukikasirika utachekwa wewe. Ukifurahi utachekwa zaidi.

Mimi nimefurahi muda mrefu sasa. Nampenda mtu yule. Nimeandika, imetoka.

Je, nimeposwa au nimetaniwa?

Sasa filamu. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Wanafunzi wangu ni akina mama wa hapa Isevya na wachache wa Kanyenye, tunakutana mchana katika chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi. Wamekwisha kuchoka na sentensi za kitabuni, baba analima, mama anapika. Mmoja aliniambia usoni kwamba anajua mama anapika, ametoka kupika sasa hivi. Basi juzi Ijumaa nikawaambia kila mmoja aandike sentensi moja kuhusu filamu nzuri kuliko zote alizowahi kuona.

Sikujua ninachokifanya.

Kwanza, hakuna anayejua jina la filamu hata moja. Mabango ya pale sinema yameandikwa kwa maandishi ya Kihindi, na sisi tunazibatiza wenyewe kwa kile kilichotugusa: Ya Kipofu, Ya Mapacha, Ya Ngazi, Ya Mwavuli. Pili, hakuna aliyekubali kuandika sentensi moja. Waliokuwa hawajui kuumba herufi wiki iliyopita walijaza ubao mzima na kuomba chaki zaidi. Tatu, waligombana. Tulifukuzwa na katibu wa tawi kwa kelele, tukakubaliana kumalizia leo barazani kwetu, kila mtu aje na ushahidi.

Wakaja na mvua yao. Mama akatoa beseni la matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga za kukaanga, akakaa katikati ya baraza kama hakimu ingawa hakuna aliyemteua.

Upande mmoja alisimama Mama Shija. Yeye ni mtu wa kule Nzega, amekulia nyuma ya mifugo, na kwake hakuna filamu kuliko Ya Ng'ombe, ile ambayo dume la ng'ombe linauzwa, linakataa, linarudi usiku na kuvunja mlango wa aliyelinunua. Mama Shija hasemi mengi. Anasema dume lile liliigiza vizuri kuliko wanadamu wote, na kwamba picha yenye ng'ombe haihitaji nyimbo.

Upande wa pili alisimama Bi. Zuhura, mpika maandazi wa Kanyenye, mwanafunzi wangu bora na ulimi wake haupoi. Bi. Zuhura ni wa Ya Mwavuli. Na mimi pia, ingawa mwalimu hapaswi kuwa na upande.

Ya Mwavuli niisimulie, maana yote yanatoka hapo. Kijana wa kitajiri anampa msichana maskini mwavuli siku ya mvua. Wanapendana. Mama wa kijana hataki kusikia. Kijana anapanda treni kwenda mbali, msichana anabaki stesheni na mwavuli umeraruka. Mama mtu anateleza kisimani, anakufa. Msichana anangoja, anangoja, tunalia wote ukumbi mzima. Halafu ghafla: harusi! Maua, ngoma, nyimbo tatu mfululizo, mwavuli mpya kabisa, na watu wanagawiwa halua. Mwisho. Tulitoka sinema siku ile tukicheza barabarani.

"Aliyegawa halua ni nani?" Mama Shija akauliza leo, taratibu, akimenya kiazi.

"Mama yake kijana," mmoja akajibu.

"Si alikufa kisimani?"

Bi. Zuhura alikuwa tayari. Jambo hili tulishalijadili siku nyingi na kulifunga. "Yule ni mama mdogo! Pacha wa marehemu. Mnafikiri Wahindi hawana mama mdogo? Dada akifa, nani atasimamia harusi ya mtoto, jirani?"

Akina mama wote wakaitikia kwamba kweli, hata kwetu ndivyo.

"Na masharubu ya kijana? Kwenye treni anayo, harusini hana."

"Kanyoa. Unataka aoe na masharubu ya safari?"

"Na mwavuli ulioraruka?"

"Kanunua mwingine. Tajiri yule!"

Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini Bi. Zuhura huvutia mpaka ngoma ikapasuka. Nilicheka nikamwagikiwa na karanga.

Lakini adui wetu mkubwa si Mama Shija. Ni wanaume. Sisi tuliiona Ya Mwavuli Jumamosi mchana, katika onyesho la akina mama, wao wakaiona jioni ile ile, na filamu ikaondoka na treni ya kesho yake. Mume wa Bi. Zuhura, fundi cherehani, mtu mzima na ndevu zake, alirudi nyumbani akilia. Mkewe akamwuliza analilia nini wakati wameoana? Akasema wameachana milele, binti kabaki stesheni, na hapo ndipo filamu ilipoishia. Bi. Zuhura akajua kwamba mumewe alilala katikati. Mume akajua kwamba mkewe ana wazimu. Tangu siku hiyo, ikitajwa Ya Mwavuli nyumbani kwao, mtu anasusa chakula. Na si kwao tu. Isevya nzima wanaume wanasema treni, wanawake wanasema harusi.

Kondo naye alikuwa akiniambia hivyo hivyo, tangu tujuane. Treni, mke wangu, inaishia kwenye treni. Nami nikimjibu aache utani.

Basi tukiwa katika kelele hizo, ndipo alipotokea.

Shati jeupe limepigwa pasi. Viatu kavishika mkononi kwa ajili ya tope. Akasimama chini ya ngazi ya baraza, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama alikuwa na karanga njiani kuelekea mdomoni, mkono ukabaki hapo hapo.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Usinifiche, mwanangu. Msibani kwenyewe huwa unatania. Sema tu, nimekaa. Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kukuamkia. Shikamoo."

Mama hakuitikia. Nilimwona akimtazama kofia, akamtazama miguu yenye tope, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama beseni. Nilihisi masikio yananiwaka moto, na sikujua kama hili ni tusi jipya alilolibuni kwa ajili ya kuagia, au ni kitu kingine.

"Kaa," mama akasema mwishowe. "Kula matobolwa."

Shikamoo ikabaki palepale ngazini, haijaitikiwa. Yeyote aliyelelewa na watu anajua uzito wake.

Bi. Zuhura ndiye aliyetuokoa, maana alikuwa na kesi yake na hakutaka ipoe. "Afadhali umekuja. Wewe ni mwanamume, utatoa ushahidi wa uongo kama wenzako. Ya Mwavuli inaishia wapi?"

"Stesheni," Kondo akasema. "Binti anabaki na mwavuli ulioraruka."

Wakamzomea. Nami nikazomea, nikapata sauti yangu tena. "Mnaona? Miaka yote ananiambia hivi hivi. Utani mtupu!"

Kondo hakunijibu kwa tusi. Aliweka kiazi chini. "Ngoja kwanza. Ninyi mliona treni kabla ya harusi?"

"Kabla!" tukasema wote.

"Na aliyekufa kisimani?"

"Kabla! Harusini alikuwa mama mdogo."

"Mama mdogo yupi?"

Bi. Zuhura akamfafanulia habari ya pacha, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kondo alikuwa akimtazama macho yanazidi kutoka. Kisha akauliza siku. Tukamwambia: siku ile ya mvua kubwa iliyoezua paa la ghala la asali.

Akajifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka hana pumzi.

"Mimi!" akasema. "Ni mimi! Mikebe ya filamu niliishusha mimi kwenye treni, mchana ule, mchukuzi hakuonekana kwa mvua. Nikaibeba mwenyewe kichwani mpaka sinema. Namba za kufuatanisha vipande zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi, zimebandikwa juu ya kila mkebe. Nilipofika, karatasi zote zilikuwa zimelowa na kubanduka! Fundi wa mashine akanilaani, akasema onyesho la akina mama linaanza sasa hivi, ataweka kwa kubahatisha. Jioni alikuwa ameshaujua mpango wake, akaupanga sawasawa. Hakumwambia mtu. Nami sikujua mliona nini, nilijua nimelowa tu!"

Tukatazamana.

"Kwa hiyo," nikasema polepole, "harusi ilikuwa mwanzo. Mama alikuwa hai bado."

"Alikuwa hai, ndiye aliyegawa halua."

"Na mwavuli ulikuwa mpya kwa sababu..."

"Ulikuwa haujararuka."

Hapo mama yangu akasahau shikamoo na kila kitu. Aliruka kutoka kwenye kigoda. "Mzaramo! Mzigo mmoja! Kutoka stesheni mpaka sinema, pua na mdomo! Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi baharini kwenu, mvua na simba, ikafika kila mmoja kwa zamu yake! Wewe umepewa mikebe tu, umefufua wafu!"

Sijawahi kucheka hivyo. Mama Shija, ambaye hacheki, alilala chali kwenye mkeka akipiga miguu. Majirani walitoka na mvua ile ile kuja kuuliza kuna nini, wakaelezwa, wakaanguka nao.

Bi. Zuhura tu ndiye hakucheka mwanzoni. Alikaa akivuta ncha ya khanga yake. "Kwa hiyo mama mdogo hayupo," akasema.

"Hayupo, Bi. Zuhura."

"Hajawahi kuwapo."

"Pole."

"Nilimpenda yule mwanamke," akasema, na machozi yakamlengalenga kweli, halafu akapasuka kicheko kuliko sisi sote. Alituapisha tusimwambie mumewe. Akasema ameshinda ugomvi ule muda mrefu mno, hawezi kuanza kuushindwa leo.

Mimi katikati ya kicheko nilipigwa na wazo.

Alikuwa akisema kweli.

Muda wote ule Kondo aliniambia kweli kuhusu filamu, neno kwa neno, nami nikaita utani kwa sababu ni yeye aliyesema. Kama lile lilikuwa kweli, lile jingine je? Mke wangu, chai iko wapi. Mke wangu, mbona umekonda. Nilijihesabia vyote nilivyovicheka.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumba usaha. Hawakutuambia kama unaweza pia kutumba posa.

Mama Shija alikuwa ameshakaa vizuri, akataka hukumu: baada ya aibu hii, filamu nzuri kuliko zote si Ya Ng'ombe? Bi. Zuhura akainuka. Akasema hapana. Akasema wanaume wabaki na yao iliyopangwa sawasawa, sisi tutabaki na yetu tuliyoiona kwa macho yetu, maana yetu ilitutoa ukumbini tukicheza na yao iliwatoa wakilia. Akamgeukia Kondo. "Wewe uliyetuchanganyia, ungechagua ipi?"

Kondo akasimama. Alikuwa ameacha kucheka. Kofia ikarudi mkononi.

"Ile niliyoiona mimi, wanaoana kwanza, halafu treni, na aliyepanda treni hakurudi. Siitaki ile. Nataka ya kwenu. Treni kwanza, harusi mwisho. Treni naipanda Alhamisi. Mvua zikiisha wazee wangu watapanda yao kutoka pwani waje hapa. Nawaomba wakifika msiwacheke. Hawatakuja kutania."

Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mama.

Bi. Zuhura alijiziba mdomo kwa khanga kuzuia kigelegele, maana mwenye nyumba alikuwa bado hajasema. Mama aliokota beseni, akaokota na maganda, akaingia ndani bila neno. Kondo akangoja kidogo. Akaniambia, "Kwa heri, mwalimu." Mwalimu! Si mke wangu. Nilikuwa sijui kwamba neno la heshima linaweza kumpiga mtu kifuani namna ile. Akashuka ngazi, akavuka tope peku na viatu vyake mkononi.

Mimi ninayefundisha watu kusema na kuandika, nilikaa na karanga mkononi.

Hayo ndiyo ya leo. Mwanga umebaki kidogo. Mama yuko jikoni uani, amenipa mgongo, anasonga ugali. Tangu wageni waondoke hajanisemesha ila kuniagiza kuni. Nilianza kuandika ili nisimwulize.

Nimeandika mpaka hapa, akasema bila kugeuka, "Yule bwana alikula matobolwa?"

"Alikula, mama. Mengi."

"Mtu wa pwani kula matobolwa, akamaliza. Si jambo dogo."

Mwiko unagonga chungu. Nami nimeshikilia kalamu.

Kisha akainua kichwa, akaelekeza uso upande wa ngazi za mbele, ambako hakuna mtu, tope tu na nyayo za mtu peku, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani:

"Marahaba!"

Nikamwuliza anamwitikia nani.

"Naitikia niliyoamkiwa. Alhamisi umfikishie, mimi miguu yangu haiwezi stesheni. Na umwambie wazee wake waje na mizigo yao wamebeba wenyewe, niwaone."

Sijui Kigoma ni mbali kiasi gani kwa moyo wa mtu. Najua tu kwamba mkebe wa kwanza unawekwa Alhamisi. Nitakwenda kumsindikiza. Ikinyesha nitalowa, sijali. Mwavuli nitauacha nyumbani, usije ukararuka kabla ya harusi.